Ukungu Kwenye Jagi la Chai

Asubuhi za likizo, kabla mama yake hajaanza kukanyaga cherehani, Inspekta alikuwa tayari jikoni akipika chai ya kuweka kwenye friji. Msichana huyu alipewa jina la Inspekta na baba yake, na hakupewa bure. Kipande cha mkate kikipungua, yeye huhoji nyumba nzima. Kiatu kikihama mlangoni, hataki kulala kabla hajajua nani amekihamisha. Umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili tu, lakini kwa kushuku watu alikuwa mtu mzima kabisa.

Joto la msimu ule lilikuwa kali. Wateja waliokuja kupimwa nguo walikaa kwenye benchi la chumba cha mbele wakijipepea kwa mikono, na wengine waliondoka kabla zamu yao haijafika. Ndipo Inspekta alipopata wazo la chai ya baridi. Alichemsha maji, akatia majani ya chai na maganda ya nanasi aliyoyaosha vizuri, akaongeza sukari, akaichuja kwa kitambaa safi cha pamba. Aliiacha mezani mpaka ikapoa, kisha akaiweka kwenye friji. Ilitoka na rangi ya asali, safi kiasi kwamba uliweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Juu yake alitia kipande cha chungwa. Wateja waliisifu sana, naye akavimba kichwa.

Sifa zilileta kazi. Sasa chai ilitakiwa nyingi na ilitakiwa mapema, kwa hiyo Inspekta alizidisha majani ili ikolee, na jagi likaingia kwenye friji likiwa bado linafuka mvuke.

Wiki hiyohiyo akaja Kimya. Huyu alikuwa mtoto wa mjomba wake, msichana wa rika lake. Baba yake alikuwa amehamishiwa kazi mahali ambapo shule iko mbali mno, hivyo akaletwa kwa shangazi yake ili asome. Aliongea kwa nadra, na ukimuuliza jambo alitabasamu kwanza. Watu walisema binti huyu ni mpole. Inspekta, ambaye sasa alilazimika kugawana naye chumba na kabati, alisema anaficha kitu.

Siku iliyofuata alifungua friji akakuta chai imeingia ukungu, mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Aliionja. Ladha ilikuwa ileile. Aliimwaga akapika nyingine, nayo ikatoka vilevile. Kabla Kimya hajaja, jambo hili halikuwahi kutokea. Kwa Inspekta, kesi ilikuwa imeshafunguliwa.

Alianza kumfuatilia mwenzake nyumba nzima. Aligundua kwamba Kimya ana tabia ya kufungua friji na kusimama mbele yake bila kuchukua chochote, na akisikia mtu anakuja, anaifunga haraka. Baadaye aliona alama nyeupe za vidole kwenye mlango wa friji. Kisha akamkuta Kimya anafuta mikono kwenye sketi, na mikono ile ilikuwa na vumbi jeupe. Angeuliza, angejibiwa. Lakini hakuuliza, kwa sababu aliona kuuliza ni kumshtua mhalifu.

Mwisho wa wiki, mwalimu wa kwaya alikuja na waimbaji wake kupima sare mpya. Inspekta aliwagawia chai. Mwalimu aliinua glasi yake kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaiweka chini bila kuinywa. Waimbaji nao wakaweka zao chini, mmoja baada ya mwingine. Uso wa Mama ulimshuka. Inspekta hakuweza kuvumilia.

"Muulizeni Kimya," alisema mbele ya watu wote. "Anatia kitu kwenye jagi. Tazameni mikono yake."

Wote walitazama. Mikono ilikuwa myeupe kweli. Kimya aliitazama pia, akatoka nje. Mama alieleza upesi kwamba ile ni chaki ya kuchorea vitambaa, na kwamba amekuwa akimfundisha binti huyo kuweka alama za mikono ya mashati. Lakini waimbaji walikuwa wameshaanza kunong'onezana. Na Inspekta naye alijiambia: kumbe ni chaki ndiyo anayotia.

Jioni Kimya alimwomba Mama ampigie simu baba yake aje kumchukua. Mama alimbembeleza, akamkumbusha shule, lakini Kimya hakukubali.

"Shangazi, siwezi kukaa mahali ambapo watu wanadhani nawatilia vitu kwenye kinywaji," alisema. Mjomba akaahidi kuja Jumamosi iliyofuata.

Mama alimuuliza Inspekta kama alimwona Kimya kwa macho yake akitia chaki kwenye jagi. Inspekta alijibu kwamba bado, ila atamwona tu.

Kesho yake alipika chai, akaitia kwenye friji, akachukua uzi mwekundu wa kushonea na kuufunga kutoka kwenye kishikio cha friji hadi kwenye msumari wa ukutani. Yeyote atakayefungua, uzi utakatika. Mchana kutwa hakuondoka jikoni. Jioni uzi ulikuwa mzima, haukuguswa. Alitabasamu, akaukata mwenyewe, akafungua.

Chai ilikuwa na ukungu uleule.

Alilitoa jagi. Hakuna mwingine aliyejua habari za uzi. Akinyamaza, Jumamosi Kimya ataondoka, na chumba kitakuwa chake peke yake tena. Wazo hilo lilimjia, na kusema kweli, alikaa nalo kwa muda. Kisha akamkumbuka Kimya alivyotoka nje, akaona aibu, akalibeba jagi mpaka kwenye cherehani ya mama yake na kumweleza kila kitu.

Mama hakumfokea. Alimwaga kiasi cha chai kwenye sufuria akaipasha moto. Kadiri ilivyopata moto, ukungu ulipungua, mwishowe chai ikarudi kuwa safi.

"Chaki ingebaki," Mama alisema. "Hebu nieleze, mwanzoni ulikuwa unaipikaje, na sasa unaipikaje?"

Walipika majagi mawili. Moja lilitiwa majani mengi likaingia kwenye friji likiwa la moto, lingine lilitiwa majani ya kiasi likaachwa lipoe kwanza. La kwanza likaingia ukungu, la pili likabaki safi. Inspekta alitaka kwenda chumbani kumwomba Kimya radhi kimyakimya. Mama alikataa. Alisema amemchafua mbele ya watu, basi atamsafisha mbele ya watu haohao.

Jumamosi waimbaji walikuja kuchukua sare. Mjomba alikuwa ameshafika, begi la Kimya likiwa mlangoni. Inspekta alisimama mbele yao, akaonyesha majagi mawili, akaeleza kosa lake la upishi na la ulimi.

"Kimya hakutia kitu. Mimi nilimsingizia," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Kimya alieleza kwa sauti ndogo kwamba friji alikuwa anaifungua ili apate ubaridi, na aliona haya kuonekana. Mwalimu wa kwaya alicheka, akakiri kwamba hata yeye hufanya hivyo kwake, kisha akamiminiwa glasi ya chai safi, akainywa yote. Lakini mwimbaji mmoja hakucheka. Alisema kwa aibu kwamba alikwisha kuwasimulia majirani zake kwamba kwa fundi kuna binti anayetia watu chaki kwenye chai.

Inspekta alihisi machozi yanamlengalenga.

"Umesikia?" Mama alimwambia taratibu. "Chai ikiharibika tunaimwaga, tunapika nyingine. Neno baya juu ya mwenzako likishatoka, linakwenda kwa watu ambao hata huwajui. Kabla hujamtuhumu mtu, muulize kwanza. Muulize yeye mwenyewe."

Mjomba alimuuliza binti yake kama achukue begi. Kimya alifikiri, kisha akasema lirudishwe chumbani.

Inspekta alifuta macho, akamwomba mwimbaji yule amwonyeshe nyumba za majirani zake, akavaa viatu. Alipofika mlangoni, Kimya alikuwa anavaa vyake.

"Twende wote," alisema. "Wanione."