Maua ya Mlango wa Gathoni

Cheka umalize. Ati majini ni ya Mombasa, hayawezi baridi ya Nyeri. Umesoma mpaka Fomu Foo, kwa hivyo hakuna usichojua. Basi funga hiyo midomo kidogo usikie yaliyompata Watiri wa Gatitu mwaka wa sitini na sita, halafu uende ukacheke vizuri.

Mumewe, Moffat, alikuwa fundi wa mabati. Ndoo, karai, koroboi, vyote alitengeneza, lakini kilichomletea sifa ni maua. Alikata bati kwa mkasi, akakunja petali moja moja kwa koleo, akayapaka rangi nyekundu. Walimu na makarani waliyanunua kupamba bustani, kwa kuwa maua ya bati hayauawi na baridi ya Julai.

Julai hiyo alisimamisha kumi na mawili mbele ya nyumba yake, yakitazama barabara. Kulipokucha, yote yalikuwa yamegeuka, yanatazama nyumba.

"Ni upepo," Moffat alisema.

"Upepo gani huo unajua kwangu?" Watiri akamuuliza.

Adhuhuri ukungu uliposhuka kutoka mlimani, maua yakaanza kugonga, ko, ko, kama ukucha wa mtu juu ya bati. Ikaja harufu ya mafuta ya mbarika, yale vikongwe wa zamani walijipaka. Binti yao Kabura, wa miaka sita, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti ya ajuza, "Kwangu kunaingia baridi."

Tangu hapo hakula. Mkono wake ulikuwa kama chuma kilicholala nje. Hospitalini walimpima wasione ugonjwa, mchungaji akaomba mpaka sauti ikamkauka, na kila adhuhuri maua yakagonga, na kila yalipogonga mtoto akapungua, mpaka Watiri akawa anambeba mgongoni asisikie uzito, anageuza shingo kila mara kuhakikisha bado yuko.

"Baba Kabura," alisema kwa kunong'ona, "hiyo bati ulitoa wapi?"

Moffat akaangalia viatu vyake. "Giakanja. Ilikuwa mlango wa Gathoni."

"Yule cucu, bibi mzee aliyefia ndani peke yake? Si nyumba kama hiyo huachwa ioze yenyewe?"

"Mimi ni mtu wa kanisa. Nilifikiri hayo ni mambo ya wazee."

"Ulifikiri! Mtoto wangu anaisha, na wewe ulifikiri!"

Walimwendea Wamae, mhunzi mzee wa Giakanja. Hakuwapa hata kiti.

"Umemwacha mama wa watu bila mlango," alimwambia Moffat. "Gonga hayo maua yalale, yaunganishe, uyarudishe yalikokuwa."

Ikamchukua Moffat siku mbili. Mlango uliokwaruzika, wenye madoa mekundu, ukasimama tena kwenye kibanda cha Gathoni. Wamae akamvuta Watiri kando.

"Gathoni amepanda juu ya mtoto, kwa hivyo mtoto ndiye atamrudisha. Ingia naye, umshike mkono. Mkono ukipata joto, toka na ufunge. Usigeuke."

"Nikigeuka?"

"Usiniulize hiyo."

Watiri akaingia na Kabura. Ndani kulikuwa na giza, jivu na harufu ya mbarika. Akasimama penye mafiga, ameshika vile vidole baridi, akahesabu pumzi zake mwenyewe kwa kuwa za mtoto hakuzisikia, na alipokuwa amekata tamaa kabisa joto likaanza, dole gumba kwanza, halafu kiganja chote, mpaka akataka kulia kwa furaha, akaanza kuelekea nje. Hapo ndipo sauti ya Kabura, ile ile ya kuomba uji, ikatoka gizani nyuma yake.

"Mami, huyo si mimi. Mimi niko huku."

Mkono aliokuwa ameushika ukambana. Dole gumba likaanza kumpapasa polepole, kama kikongwe anavyombembeleza mtoto.

"Mami, usiniache."

Watiri aliuma midomo mpaka ikatoa damu. Akatoka na ule mkono wenye joto, akaufunga mlango.