Nusu Goti la Batula

"Batula, hebu nionyeshe hiyo goti."

"Nikuonyeshe kama nani, Arero? Wewe si mume wangu tena."

Arero akainamisha kichwa. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, Isiolo nzima ilimjua, lakini mwaka huo wa 1986 alikuwa anachechemea. Miaka mitatu nyuma alimpa Batula talaka moja kwa sababu goti la Batula lilishindwa na safari za kufuata mifugo mpaka Gotu. "Nilioa mke, sikuoa mgonjwa," alimwambia. Sasa Batula alikuwa ametoka hospitalini Nairobi, anazunguka soko bila mkongojo, na mji mzima unauliza alifanyiwa nini.

"Ni kweli walitoa mfupa wakaweka chuma?"

"Si goti yote. Yangu ilikuwa imelika upande wa ndani tu. Walipasua kidogo, wakaondoa palipoharibika, wakaweka chuma na plastiki. Upande ule mwingine ni wangu wa kuzaliwa."

"Nusu?"

"Nusu."

"Na kuswali?"

"Naswali nikiwa kwa kiti. Lakini natembea."

Arero akapapasa goti lake, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Tache, mimi naogopa kisu. Twende na wewe Nairobi."

"Nisafiri na mwanamume asiye mume wangu?"

"Basi nikuoe."

Batula akacheka, halafu kicheko kikakatika.

"Umenijia mimi ama umejia goti?"

"Nilijia goti," Arero akasema polepole. "Lakini nimekusikia ukiongea... Nyumba imenyamaza tangu utoke. Nilikukosea, Batula."

"Usiniambie mimi peke yangu. Siku uliponifukuza, kaka yangu Dabaso ndiye alinibeba mgongoni. Mwambie yeye."

Ijumaa, baada ya swala, Arero alisimama mbele ya Dabaso na jamaa zake, akataja kosa lake bila kujitetea. Dabaso akamsamehe, Batula akakubali, na wiki hiyo hiyo shehe akawafungisha ndoa upya.

Huko Nairobi, daktari aliitazama picha ya goti la Arero kwa muda mrefu.

"Lako limelika pande zote mbili, mzee. Nusu haitakusaidia. Na kwa ugonjwa wa moyo ulio nao, siwezi kukupasua uwekewe goti zima."

Arero hakumtazama daktari. Alimtazama mkewe, akingoja aseme neno.

Batula akampa mkono.

"Inuka, Baba Tache. Basi letu linaondoka saa saba. Tutaenda mwendo wako."