Betri Iliyovimba

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Shamsia wa darasa la sita alimpitia mdogo wake Mudathir, aliyekuwa darasa la kwanza, wakarudi pamoja nyumbani Misugusugu. Wiki ile mambo yalibadilika. Mudathir alibaki kwenye masomo ya ziada, na Shamsia alibaki chumba cha jirani pamoja na klabu ya mazingira.

Shule yao, iliyoko Mkuza, ilihitaji kompyuta mpakato. Kamati ya shule ilikuwa haijaamua: inunue mpya chache, au ipokee zilizotumika kutoka ofisi moja ya Kisarawe. Sampuli za hizo za zamani zilikuwa zimeshaletwa. Mwalimu Leodegar wa sayansi aliwataka wanaklabu wakadirie zipi zingesababisha hewa ukaa nyingi zaidi, ile hewa inayoongeza joto duniani.

"Kompyuta mpya haianzii dukani," aliwaambia. "Inaanzia mgodini, inapita kiwandani, inapanda meli. Kote huko makaa na mafuta yanachomwa. Hii iliyotumika, moshi wake wa kiwandani ulishatoka zamani. Ninyi kadirieni kilichobaki: usafiri, umeme, na kila kifaa kipya tutakachoiwekea."

Shamsia ndiye aliyeongoza hesabu. Aliandika ubaoni kwamba za zamani hazihitaji kifaa kipya hata kimoja, kwa hiyo hewa ukaa yake haifiki robo ya zile mpya. Mwalimu alimsifu mbele ya wenzake. Kesho yake kamati ingekuja kumsikiliza.

Alasiri hiyo alikuwa peke yake akizipangusa vumbi, alipoona moja haitulii mezani. Akaigeuza. Tumbo lake lilikuwa limetuna kama andazi. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba betri iliyovimba haichajiwi kamwe, maana huweza kulipuka na kuwaka moto.

Lakini akisema, zote zitakaguliwa. Betri mpya zitatakiwa, na kile alichosifiwa kitafutwa. Akaisukuma chini ya nyingine.

"Zote nzima?" Mwalimu aliuliza alipochungulia mlangoni.

"Nzima, Mwalimu," alijibu, akiendelea kupangusa.

Akaenda bombani kufua vitambaa. Alikuwa bado anakamua alipokuja mwenzake wa klabu, Zubeir, anacheka.

"Oya Shamsia, kesho tunawapiga bao wanaotaka mpya! Nimezichomeka zote kwenye umeme zijae chaji. Mwalimu kafunga mlango."

"Zote?"

"Zote. Hata ile ya chini kabisa."

Kitambaa kilimdondoka. Alikimbia. Alijiambia ataichomoa kimyakimya, na hakuna atakayejua. Lakini kufuli lilikuwa mlangoni. Kupitia nondo za dirisha ikamfikia harufu tamutamu, ngeni, ya kukereketa koo. Na upande wa pili wa ukuta, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba herufi. Mudathir alikuwa miongoni mwao.

Akakimbilia ofisi ya walimu.

"Mwalimu, nimekudanganya! Moja imevimba, na inachajiwa!"

Mwalimu Leodegar hakuuliza swali. Alizima umeme wa jengo zima, akanyakua ufunguo na koleo. "Watoe watoto! Wapeleke mbali, uwanjani!"

Watoto walitoka wakisukumana, mwalimu wao mbele. Shamsia aliwatazama mmoja mmoja, asimwone Mudathir. Akarudi ndani. Alimkuta chini ya dawati anatafuta kiatu.

"Dada, kimoja kimepotea!"

"Achana nacho!" Akamvuta mkono, wakatoka mbio.

Nyuma yao Mwalimu alitoka na kompyuta juu ya koleo, akaibwaga kwenye udongo mtupu na kuruka kando. Ikafuka moshi mweupe, ikalia fyuu, kisha mwali ukaruka. Mwalimu akaufukia kwa mchanga, ndoo baada ya ndoo, mpaka ukazima. Hakuna aliyeumia.

Shamsia alisimama akisubiri adhabu.

Mwalimu aliweka ndoo chini. "Kesho utasimama mbele ya kamati, na utasema yote."

Alisimama, na akasema. Alieleza alichokificha, kisha akatoa makadirio mapya: huenda baadhi ya kompyuta zingehitaji betri mpya, na kila betri huja na hewa ukaa yake. Za zamani bado zilikuwa na nafuu, ila si kubwa kama alivyoandika mwanzo. Kamati ilikubali kuzipokea, kwa sharti kwamba fundi azikague moja baada ya nyingine kabla hazijagusa umeme.

Wanakamati walipoondoka, Mwalimu Leodegar alimwita.

"Shamsia, anayekadiria anaruhusiwa kukosea, maana hajui kila kitu. Kesho akijua zaidi, anarekebisha. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza. Hilo si kosa la hesabu, ni uongo, na jana nusura watoto waulipie. Ukiona jambo linaloharibu hesabu yako, liseme hilo kwanza kabla ya yote."

"Nimekuelewa, Mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kamwombe radhi mwalimu wa darasa la kwanza pia, kisha umweleze Zubeir kilichotokea. Anadhani kosa ni lake."