Karanga Ndani ya Mkate Wangu

Hewa haipiti!

Nilitaka kupiga kelele hivyo, lakini sauti haikutoka. Kilichotoka ni mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

Koo lilikuwa linajifunga. Taratibu. Nasikia kabisa!

Mkononi bado nimeshika mkate niliouuma mara mbili tu...

Nikavuta mkoba. Nikafungua zipu ya pembeni, pale ninapoweka sindano yangu ya dharura.

Hamna.

Nikamwaga mkoba wote mezani. Funguo, leso, kioo... sindano hamna!

Nikamtazama mama mkwe wangu aliyekaa mbele yangu. Hakunitazama. Aliinama chini ya meza, kama mtu anayejificha.

Nikajua ni yeye. Nikajua kabisa!

Jamani, subirini niwaeleze vizuri.

Naitwa Diễm. Naishi Footscray, hapa Melbourne, mtaa ambao Wavietnamu tumejaa hadi benki wanatusalimia kwa lugha yetu. Mimi na karanga hatupatani tangu utotoni. Punje moja tu, midomo inavimba, koo linafunga. Ndiyo maana natembea na ile sindano. Nikizidiwa, najichoma pajani, napata muda wa kufikishwa hospitali.

Mume wangu Khải aliyajua haya kabla hajanioa.

Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakula bánh mì, ule mkate wetu wa kujazwa nyama, dukani kwa Dada Lựu. Nyie! Mkate umetoka tanurini sasa hivi, ukiuma gamba linapasuka na kukumwagikia kifuani, na hakuna anayejali. Ndani kuna maini laini yaliyopondwa, nyama ya nguruwe ya kuchoma, achari ya karoti na figili, giligilani, pilipili mbichi... Unafumba macho tu.

Wangu Dada Lựu aliutengeneza mwenyewe. Kibao chake, kisu chake. Karanga za kusaga alizitenga mbali kwenye meza ya viungo, kwa wanaokula tambi.

Nilikula pale bila wasiwasi, mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Cần Thơ, kule Vietnam.

"Mtu mzima anaogopa karanga?" Mama Thoa aliniuliza siku ya kwanza tu. "Sisi tulizila wakati wa njaa, hakuna aliyekufa."

Khải akacheka hadi akashika tumbo.

"Mama, wenzako wameletewa wakwe. Wewe umeletewa yai! Ukimgusa anapasuka."

Nilicheka nao, lakini roho haikutulia. Nikaanza kunusa sufuria kabla ya kupakua. Mara mbili tatu midomo iliniwasha baada ya kula, siku moja ikavimba kabisa, Khải akasema ni pilipili ya mama.

Nikazidi kumwogopa yule mama.

Sasa Jumamosi hiyo tukaenda wote watatu. Khải alikuwa na furaha ya ajabu.

"Kaeni, warembo wangu. Leo nawahudumia mimi!"

Akaenda kaunta, akarudi na sinia. Nikauma. Nikatafuna. Nikauma tena...

Mengine mnayajua.

Nilianguka na kiti. Nakumbuka miguu ya watu. Nakumbuka Dada Lựu akipiga simu huku analia. Kisha kitu kikanichoma pajani kwa nguvu, kama ngumi yenye msumari.

Halafu giza.

Nilipofumbua macho nilikuwa hospitali. Khải alikuwa amenishika mkono, macho mekundu.

"Nani aliweka karanga?" nikamuuliza. Sauti yangu kama ya chura.

Akageuka. Akatazama mlangoni, mama yake alipokaa peke yake.

"Diễm... mama ni mzee. Hakuwa na nia mbaya. Msamehe, mke wangu. Yaishe."

"Na sindano?"

"Ndiye aliyeitoa. Nadhani alifikiri ni dawa ya kulevya. Si unawajua wazee wetu?"

Kumbe nilikuwa nalala nyumba moja na mtu anayenitafutia kifo! Na kesho watanirudisha huko huko! Jikoni kwake!

"Khải, sirudi nyumbani akiwa mle."

"Nitampandisha ndege wiki hii hii."

Alisema haraka mno. Kama mtu aliyekuwa na jibu tayari.

Nikamwita mama mkwe. Akaja taratibu, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mama, ni kweli?"

Akamtazama mwanawe. Khải akawa anaangalia viatu vyake.

"Kama mwanangu amesema hivyo," akajibu, "basi ni hivyo."

Akarudi kukaa kwenye kiti chake mlangoni.

Khải akatoka kwenda kuulizia ndege. Hakuchukua hatua nyingi, Dada Lựu akaingia mbio, aproni bado kiunoni, unga hadi kwenye nywele.

"Diễm, nisikilize kabla hajarudi!"

"Kuna nini, dada?"

"Mumeo alisimama kwenye meza ya viungo. Nimemwona kwa macho yangu! Akaufungua mkate wako, akanyunyiza kitu, akaufunga. Mimi nikajua ni pilipili. Sasa nimekwenda kuangalia... kopo la karanga liko wazi, na zimemwagika pale pale alipoweka sinia!"



"Hapana. Khải? Hapana..."

"Na ile sindano iliyokuokoa unajua imetoka wapi?"

"Si ya gari la wagonjwa?"

"Gari lilikuwa bado njiani! Ni mkweo huyo! Aliinama kuitoa kwenye mkoba wake chini ya meza. Ile siku midomo yako ilipovimba, alinivuta nimpeleke duka la dawa, akanunua ya kwake. Mchana wewe ukiwa kazini, yuko jikoni kwangu anajifunza kuchoma kwa ile ya mazoezi, isiyo na dawa."

Nikamtazama Mama Thoa.

"Mdomo wangu mbaya, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakusema ovyo. Lakini nilikuona ulivyovimba. Pilipili yangu haivimbishi mtu. Nikaogopa."

"Sasa kwa nini ulikubali kosa si lako?"

Kabla hajafungua mdomo, mlango ukasukumwa. Khải alikuwa amesimama mlangoni.

"Lựu, unamjaza mke wangu maneno gani?"

"Sema wewe ulichoweka kwenye mkate!"

Nilidhani atakataa. Nilitamani akatae! Lakini uso wake ukabadilika, akawa kama mwalimu aliyechoshwa na wanafunzi wazito.

"Kidogo tu! Nimesoma mtandaoni, mwili unazoeshwa. Nilikuwa nakutibu, Diễm! Wiki zote hizi umekula na hujafa!"

Wiki zote hizi...

Ile supu. Ule uji wa asubuhi alioniletea kitandani, nikamwita mume bora.

"Na sindano yangu?"

"Niliitoa mkobani nikaiacha nyumbani. Ukijua unayo, mwili unadeka."

"Na mama yako ukamsingizia!"

"Mama anarudi kwao," akasema. "Ingempunguzia nini?"



Mama Thoa akainuka. Mwanamke mfupi, hanifikii hata begani. Akaja akasimama kati ya kitanda changu na mwanawe.

"Niliubeba mzigo wako nikijua utaona aibu useme mwenyewe," akamwambia. "Nimekuzaa mimi, Khải. Leo nakuogopa."

Akanyoosha mkono, akabonyeza kengele ya muuguzi. Na hakukitoa kidole mpaka mlango ulipofunguka.

Polisi walikuja. Daktari naye akanieleza kwamba kuzoesha mwili kupo kweli, ila ni chini ya uangalizi wa madaktari, mgonjwa akijua na akikubali. Siyo kwa siri, tena na mtu aliyeficha sindano.

Sasa naishi na mama mkwe, vyumba viwili juu ya duka la Dada Lựu. Kesi inaendelea, Khải yuko nje kwa dhamana. Na sitawadanganya, bado naogopa. Nikiuma mkate nauweka kwanza mdomoni, nasubiri koo, ndipo nimeze. Kuna siku nashindwa kabisa, nalia tu, na mama ananisubiri.

Jana Khải alituma ujumbe kwa mama yake: "Nimepika. Mlete Diễm tule pamoja, tuyamalize."

Nilipousoma nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Unayenisoma, mtu akicheka ugonjwa wako usimchukulie mzaha. Mimi nilicheka naye. Nilimwogopa aliyenigombeza, nikamwamini aliyeniita yai, na kidogo nizikwe hivyo.

Mama alichukua simu, akavaa miwani.

"Mwanangu, hivi ukitaka mtu asikutumie tena ujumbe, unabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha.

Akabonyeza mwenyewe. Kisha akakaa kitandani kwangu, akalia kama aliyefiwa.