Polisi na Mwizi Uani kwa Mama Fulgensi

Kila Jumamosi Kandida alikuwa na shughuli zake zisizobadilika. Anafua sare za shule, anafagia uwanja, kisha anapakia mpunga kwenye baiskeli ya mama yake na kuupeleka mashine ya kukoboa. Alikuwa darasa la tano tu, na akikaa kwenye tandiko miguu ilifika kwenye pedali kwa shida. Lakini pale Ifakara, mwaka ule wa 1995, mtoto asiyejua baiskeli angechekwa mtaa mzima. Kandida hakuwahi kuchekwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba hapakuwa na foleni mashineni, akamaliza mapema. Seni, mwanafunzi mwenzake ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe kutoka Usukumani, akamshawishi wapitie kwenye banda la video la Bwana Kheri. Bwana Kheri alikuwa na tabia ya kuwaingiza bure watoto waliomchotea maji, basi wakachota, wakaingia.

Siku hiyo ilionyeshwa filamu ya zamani ya polisi. Maneno yake hakuna aliyeyaelewa, lakini nani alihitaji maneno? Inspekta mwenye koti refu aliwafukuza majambazi kwa gari mji mzima. Magari yalipanda vilima, yakashuka ngazi, yakapita katikati ya soko. Meza zilipinduka, machungwa yakaruka juu, na banda zima likasimama kushangilia. Kandida alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake alasiri wakaamua kuicheza. Kandida alikuwa inspekta juu ya baiskeli ya mama yake, Seni alikuwa jambazi juu ya baiskeli ya kaka yake. Wakavipita vichochoro vya Mlabani huku kengele zinalia na kuku wanatawanyika.

"Simama, uko chini ya ulinzi," Kandida alisema, akihema.

"Nikamate kwanza, afande. Baiskeli yako inatembea kama mgonjwa," Seni akajibu, akakata kona na kuingia uani kwa jirani yao Aurelia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fulgensi.

Uani palikuwa na mikeka miwili ya mpunga ulioanikwa. Seni akaipita pembeni. Kandida akakamata breki, breki zikamgomea. Baiskeli ikapanda mkeka wa kwanza, ikauburuta hadi wa pili, na yeye akaanguka puu katikati. Aliponyanyuka, mpunga wa huku ulikuwa umehamia kule, na mwingine uko mchangani.

"Umeumia?" Seni aliuliza.

"Goti tu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo. Tuzoe haraka. Mpunga ni mpunga, wote utakwenda mashineni."

Kandida naye akaona hivyo hivyo. Wakazoa, wakapepeta mchanga, wakajaza vikapu viwili vilivyokuwa ukutani, nusu huku nusu kule. Walikuwa wanakunja mikeka Mama Fulgensi alipoingia na ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo, mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Kumbe mmenianulia? Mungu awabariki, wanangu. Nilikuwa kisimani nawaza kuku wameshanimaliza."

Akawapa muhogo wa kuchemsha. Walipokuwa wanakula, akavitazama vile vikapu kwa furaha, akaanza kusimulia.

"Hiyo si ya kula, ni mbegu. Ile fupi nene inakomaa upesi, naipanda hapa juu, ndiyo inayotuondoa njaani. Ile ndefu, supa, naipeleka bondeni, kule Mofu. Inapenda maji na inachelewa. Mwaka juzi mtu aliniuzia mbegu zilizochanganyika. Nusu ya shamba ikakomaa maji yakiwa bado kiunoni, ndege wakaila. Nusu ikawa bado mbichi. Nilikaa na wanangu dunguni, kile kibanda cha kulindia ndege, msimu mzima, tukarudi mikono mitupu. Mwaka huu nimechagua mwenyewe. Kesho asubuhi naipandisha darini juu ya jiko, ipate moshi isiliwe na wadudu, na siigusi tena mpaka mvua."

Kandida akaacha kutafuna. Akamtazama Seni, Seni akatazama vidole vyake vya miguu. Wakashukuru, wakaaga, wakaondoka.

Nyumbani, mama yake, Rosemery, alikuwa anachambua mchicha. Akaliona goti, akaiona na pedali iliyopinda.

"Umeanguka wapi?"

"Tulikuwa tunaigiza filamu ya polisi, mama." Kandida akamsimulia filamu yote, gari kwa gari. Sehemu ya mkeka hakuigusa.

Mama alicheka. Kisha akauliza, "Na wale wenye machungwa yao, nani aliwaokotea?"

"Filamu haikuonyesha."

"Basi iliisha mapema," mama alisema, akaendelea na mchicha wake.

Usiku ule Kandida alijuta kweli. Akilini alimwona Mama Fulgensi dunguni, akipigia ndege kelele kutwa nzima kwa ajili ya mpunga usiovunika. Akajiambia kwamba yeye ndiye atakuwa amempeleka huko.

Asubuhi akajikaza, akatoka mapema kabla ya shule. Nje ya uzio wa Mama Fulgensi akamkuta Seni amesimama.

"Nimefika zamani," Seni alinong'ona. "Miguu ndiyo haitaki kuingia."

Wakaingia pamoja. Mama Fulgensi alikuwa jikoni, mguu mmoja kwenye ngazi, kikapu begani.

"Mama, usikipandishe," Kandida alisema. "Jana niligonga mikeka yako kwa baiskeli. Mbegu zimechanganyika. Tulikuficha."

Mama Fulgensi akashuka. Akachota mbegu kwa kiganja, akazisogeza kwa kidole: ndefu, fupi, ndefu, fupi. Akaketi juu ya kinu, akaziacha zidondoke kikapuni. Kandida aliona afadhali angechapwa.

"Na jana nikawabariki," Mama Fulgensi alisema mwishowe. "Mkala na muhogo wangu."

"Tusamehe, mama," Seni alisema.

"Nendeni shule. Mkirudi, kila mtu aje na ungo."

Kazi ikaanza. Kila siku baada ya masomo walikaa uani, wakichambua punje moja moja, ndefu upande huu, fupi upande ule. Macho yaliwauma, migongo ikawaka moto. Jumapili mama yake Kandida alikuja na ungo wake, na mama yake Seni naye akaja. Bwana Kheri akaleta filamu nyingine, watoto wa mtaa wakaipita nyumba ile mbio. Kandida na Seni hawakunyanyuka. Seni akawa anatangaza filamu yake mwenyewe, punje ndefu ndiyo polisi, fupi ndiyo jambazi, mpaka Mama Fulgensi akashindwa kujizuia, akacheka. Kandida alipomsikia akicheka, moyo wake ukatua.

Likizo nayo ikaliwa na kazi hiyo. Mbegu safi zikatosha mashamba yote mawili, kwa kubanabana. Mama Fulgensi akazipandisha darini, akashuka akijikung'uta mikono.

"Sikilizeni," alisema. "Kuanguka na baiskeli kunampata yeyote. Hilo sikuwakasirikia. Lakini mngenyamaza, msingekuwa mmeficha kosa, mngekuwa mmelipanda. Lingeota shambani kwangu, na hapo hata mkilia, hakuna ungo wa kulichambua. Mmesema wakati kusema bado kunasaidia. Mtu akikosa, aseme mapema, kisha afanye kazi ya kurekebisha."

"Tumesikia, mama."

"Haya. Juma lijalo dada yangu ataniletea mbegu zake nimwanikie, nami nitakuwa kisimani. Nataka mtu wa kulinda. Utakuja, Kandida?"

Kandida hakutegemea kuulizwa hivyo.

"Nitakuja, mama," alisema. "Kwa miguu."