Kemange Haijafungwa

Njumu nyeusi za namba arobaini zilikuwa jozi moja tu kwenye meza nzima ya mama Agustina, na zilishikwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Kiatu cha kulia kilikuwa mkononi mwa mwanamume. Cha kushoto kilikuwa mkononi mwa mwanamke. Ilikuwa siku ya soko mjini Tarime, wauza ndizi wanabishana kwa Kikurya, mhubiri mwenye spika anawahukumu wote bila kubagua, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kurudi nyuma hata kama angetaka.

Hawa wawili hawakutaka.

"Dada, achia," alisema mwanamume. Aliitwa Waitara, nahodha wa timu ya mpira ya Chuo cha Mifugo cha Kemange. Alivaa ovaroli la kijani lenye harufu ya dawa ya kupe, na kifua chake kililijaza ovaroli hilo kwa namna ambayo wanawake wa upande wa nyanya walikuwa wameshaijadili. "Mdogo wako utamtafutia vingine."

"Mdogo wangu yupi?"

"Huyo unayemnunulia."

"Nanunua vya kwangu."

Waitara alicheka. Lilikuwa kosa lake la kwanza, na tuliandike hapa kwa heshima zote.

"Utavivaa kwenda kanisani?"

Mwanamke alikuwa mrefu, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa kiunoni kana kwamba limeshonwa akiwa ndani yake, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka. Aligeukia meza. "Shikamoo, mama Agustina. Naomba umwambie huyu kijana wa kuogesha ng'ombe anipe kiatu changu."

"Marahaba, sista." Mama Agustina alimkazia macho Waitara. "Mura, kijana wangu, mpe Laurensia kiatu chake. Ndiye muuguzi aliyemzalisha binti yangu."

Hoja zikaisha.

Jumamosi iliyofuata Kemange walicheza mechi yao ya kwanza ya ligi ya vyuo. Chuo chenyewe kilikuwa na umri wa miaka miwili, timu ilikuwa na umri wa miezi mitatu, na magoli yalikuwa hayana nyavu. Waamuzi wakaingia uwanjani. Katikati yao, amevaa nyeusi tupu na kipenga shingoni, alikuwa yule mwanamke wa kitenge cha njano. Miguuni alikuwa na zile njumu.

Dakika ya kumi na mbili Waitara alisukumwa akaanguka. "Dada! Ile si faulo?"

Laurensia alikuja mbio na kadi ya njano mkononi. "Naitwa Refa. Jina lako?"

"Unalijua."

"Jina?"

"Waitara."

"Asante. Mwambie mama Agustina akutafutie adabu, namba yoyote itakutosha."

Kemange walishinda mbili bila. Jioni yake simu ya Laurensia iliita katika chumba chake cha kupanga kule Nkende.

"Halo, Refa."

"Nani amekupa namba yangu?"

"Mama Agustina. Nimemwambia naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kadi."

Laurensia aliziba mdomo kwa mto ili asisikike akicheka. Mwanamke kutoka Bukoba hachekei utani wa namna hiyo bila kujilinda. Lakini kesho yake simu ilipoita aliipokea kabla haijaita mara mbili, na kufikia mwezi wa tatu walikuwa wanaitana Lau na Kapteni, wanakula mishikaki pamoja, na Waitara alikuwa ameanza kuiosha ile dawa ya kupe mpaka nyuma ya masikio.

Laurensia hakuwa mtu wa mzaha na kipenga chake. Siku alipokubali uchumba, aliomba kwa katibu wa ligi asipangiwe tena mechi za Kemange. Hakutoa sababu. Alikuwa anaona haya.

Kemange nao waliendelea kushinda. Mechi nane walishinda, moja walitoka sare, hakuna waliyofungwa. Mkuu wa chuo, Mwalimu Gidion, aliyekuwa hajawahi kupiga mpira isipokuwa kwa bahati mbaya, aliandikisha kwenye ukuta wa josho kwa rangi nyekundu: KEMANGE HAIJAFUNGWA. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za jina la chuo. Ng'ombe walipita chini yake kila Jumatano kwenda kuogeshwa, na inaaminika walijivuna.

Ikabaki mechi ya kumi, Mugumu, dhidi ya chuo cha waongoza watalii kutoka Ikoma. Hapo ndipo mtamba mmoja alipoamua kuingilia historia. Erasto, beki wa kati, alikuwa kwenye somo la vitendo, anajifunza kupima mimba ya ng'ombe. Mtamba hakuridhika na maswali. Alirusha teke moja, na mfupa wa mguu wa kushoto wa Erasto ukavunjika.

Mwalimu Gidion hakulala njaa wala hakukata tamaa. Alimwita Waitara ofisini.

"Una rafiki yako kule Kenyamonta, yule Kisyeri. Anacheza beki?"

"Anacheza, Mkuu. Lakini si mwanafunzi."

"Anafanana na Erasto."

"Hawafanani, Mkuu."

"Wote wana kipara na wote wana sura ya kununa. Atatumia leseni ya Erasto. Wewe nahodha utatia saini."

Waitara angeweza kukataa. Lakini Kisyeri alikuwa wa rika lake. Walitahiriwa asubuhi moja, wamesimama bega kwa bega mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyepepesa macho. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu humnyimi, na mbele za watu humuumbui hata ukikatwa panga. Na Kisyeri aliomba. Alikuwa na ndoto ya kucheza kwenye uwanja wenye nyavu.

Basi wakakagua picha, wakapima urefu, wakanyoa kipara upya. Walifikiria kila kitu. Mguu hawakuufikiria. Hakuna aliyejiuliza ni muuguzi gani aliyeufunga plasta.

Kule Mugumu mwamuzi wa kati aliamka na malaria. Kamisaa wa mchezo aliangalia waliobaki, akamwona Laurensia aliyekuja kushika kibendera cha mechi ya utangulizi. "Wewe, ingia kati." Akataka kukataa, akatafuta sababu ya kusema mbele ya wanaume sita, haya ikamziba mdomo. Akaingia.

Timu zilipanga mstari kwa ukaguzi wa leseni.

"Erasto Magige."

"Nipo!" Kisyeri aliruka juu mara mbili kuthibitisha uzima wake.

Laurensia alitazama picha. Akatazama mguu wa kushoto.

"Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upi?"

"Ule niliokufunga plasta siku kumi na tano zilizopita."

Kisyeri aliutazama mguu wake kama aliyekabidhiwa asubuhi ile. "Ulipona, sista."

"Kwa siku kumi na tano?"

"Nilikunywa supu ya kongoro."

Mstari mzima wa Kemange ulikohoa. Laurensia hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya Waitara, karibu kiasi cha kunusa sabuni yake.

"Nahodha. Huyu ni Erasto?"

Hapo Waitara alikuwa na wa rika lake kushoto, Mkuu wa chuo kwenye benchi, na macho ya mchumba wake mbele.

"Huyu ni Erasto, Refa."

Laurensia alimpelekea kamisaa malalamiko. Kamisaa alisema leseni ipo, picha ipo, nahodha amethibitisha, na watu wamejaa mpaka juu ya miti. Malalamiko aandike kwenye ripoti. Laurensia akapuliza kipenga kwa hasira iliyowafukuza kunguru wote wa Mugumu. Kemange walishinda moja bila. Bao la kichwa, mfungaji Erasto, ambaye saa ile alikuwa kitandani Tarime mguu umetundikwa.

Simu ya Laurensia iliita kabla Kemange hawajamaliza kubeba kombe.

"Lau, mpenzi wangu..."

"Usiniite mpenzi. Umenidanganya nikiwa na kipenga mdomoni."

"Ulitaka nimuumbue mtu wa rika langu mbele ya uwanja mzima?"

"Kwa hiyo wa kuumbuliwa ni mimi? Mguu ule niliushika kwa mikono yangu, Waitara. Erasto alilia ameng'ang'ania vidole vyangu. Halafu wewe unaniambia mbele za watu kwamba sikuona nilichoona."

"Ni mpira tu!"

"Basi kaoe mpira."

Akakata. Waitara alipiga tena mara kumi na moja, kisha naye akakasirika. Si Laurensia mwenyewe ndiye aliyemwingiza mtegoni kwa kumuuliza? Mwanamke gani anamkagua mchumba wake kama mzigo wa mpakani Sirari? Siku tisa zilipita. Yeye hakupiga, yule hakupiga, na hasira zao zilinenepa pande zote mbili kama ndama wa mashindano.

Siku ya kumi ilikuwa sherehe. Dume zima lilichinjwa. Viongozi wa ligi walikaa chini ya turubai, na Mwalimu Gidion alivaa suti ya rangi ya maziwa. Erasto alifika kwa magongo yake mawili, amevaa jezi yake, amejipaka mafuta mpaka kipara kinang'aa.

Mkuu alimwahi mlangoni. "Wewe, mgeni rasmi asikuone. Kaa kwenye stoo ya chakula cha mifugo mpaka waondoke. Utaletewa nyama."

Waitara alisikia. "Mkuu, huyu amecheza mechi tisa."

"Na ya kumi amefunga bao. Mfungie."

Erasto aligeuza magongo yake akaanza kuelekea stoo, taratibu, akichechemea katikati ya magunia ya pumba. Waitara alihisi hasira ya siku kumi ikibadilisha anwani. Alimfuata Kisyeri kwenye jiko la nyama.

"Kisyeri, nikisema itakuwaje?"

Kisyeri alimeza pande la ini. "Sema, mura. Nimefunga bao moja maishani, na limeandikwa jina la mtu mwingine."

Waitara alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mshereheshaji.

"Shikamooni wakubwa. Naitwa Waitara, nahodha. Kemange imefungwa." Kelele zikakatika. "Mechi ya Mugumu tulichezesha mamluki. Niliulizwa na refa nikasema uongo, na refa alikuwa anasema kweli. Erasto yuko stoo. Naomba mtu amfungulie, amekuja kula nyama yake."

Yaliyofuata hayafai kusimuliwa kwa vijana wa bweni. Inatosha kusema suti ya Mkuu ilipata mchuzi, na kabla ya jioni Waitara alikuwa amevuliwa unahodha na kupewa kazi ya kuogesha ng'ombe joshoni wiki mbili. Ligi iliwapa Ikoma mabao matatu ya mezani. Msimu wa bila kufungwa ukafutwa.

Jumatano alikuwa joshoni, amelowa mpaka kifuani, anasukuma dume gumu, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mjinga wewe!"

Laurensia alikuwa amevaa sare nyeupe ya wodini na mabuti ya mvua, macho mekundu.

"Umekuja kunitukana? Panga foleni, chuo kizima kipo mbele yako."

"Ripoti yangu niliiandika siku ileile. Ilikuwa mezani kwa ligi siku zote hizo. Wangewanyang'anya kombe tu!"

Waitara aliachia mkia wa dume. "Kwa hiyo ningenyamaza, rekodi ingekwenda vilevile?"

"Ingekwenda."

"Na unahodha ningebaki nao?"

"Ungebaki nao. Na mimi nisingekuja hapa."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha sauti ikamshuka. "Niliandika pia kwamba nahodha wa Kemange ni mchumba wangu. Nilipaswa kusema kabla ya mechi, nikaona haya. Wamenifungia kuchezesha mwaka mzima."

"Mwaka! Kwa nini uliandika? Nani alikuwa anajua?"

"Mimi nilikuwa najua! Ningemshtaki muongo nikiwa nimeficha uongo wangu?"

"Kwanza nilikutia hasira, sasa nimekunyima kipenga. Lau, hivi..." Waitara alipiga ukuta wa josho kwa kiganja. "Nitakuoa, utake usitake!"

"Rudia. Na uondoe hiyo usitake."

Dume lilitumia nafasi hiyo kutoroka. Hakuna aliyeligeukia.

"Laurensia. Naomba nikuoe."

"Ndiyo," alijibu kwa hasira. "Usicheke. Bado nimekukasirikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa."

"Leo Jumatano."

"Basi vumilia," alisema, na akaingia matopeni na sare yake nyeupe kumsaidia kukamata dume.