Mkaa wa Tanuri la Zamani

Mkaa uliisha siku mbaya. Kipupwe kilikuwa wiki ya tatu, kile cha ukungu unaoshuka mchana na kukaa mpaka kesho yake. Ng'ombe alikuwa anatoa kikombe kimoja cha maziwa, tena kwa kubembelezwa. Kuku walikuwa wanalala saa kumi jioni kwa sababu jua hawalioni. Kuni zote za uani zilikuwa zimelowa mpaka moyoni, na ndani, kitandani, alikuwamo mjukuu wangu wa siku kumi na moja.

Alizaliwa kabla ya wakati wake. Ngozi ilimzidi kama shati la kaka mkubwa. Muuguzi wa zahanati alituruhusu kurudi nyumbani kwa sharti moja tu, mtoto asipigwe na baridi, na alipolisema alinitazama mimi, si mkwe wangu aliyemzaa. Mwanangu, baba wa mtoto, ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Kwa hiyo mtoto alikuwa mikononi mwangu. Niseme ukweli, sijawahi kumpenda mtu kwa hofu namna ile. Usiku nilikuwa naamka kumsikiliza kama anapumua.

Jioni ile nikachukua gunia, nikaenda kutafuta mkaa. Jirani yangu, mshona nguo tunayemwita Fundi, alinichungulia juu ya ua wa michongoma unaotenganisha nyumba zetu. Tumekaa naye miaka ishirini, hana mume wala mtoto, ana cherehani na mdomo. Akaniomba nimletee na yeye mkaa kidogo, maana vidole vyake vimekufa ganzi na ana makoti ya kumaliza ya watoto wa shule.

"Mama Dereva," akasema, "usipite njia ya mkato. Ukipotea kwenye huo ukungu, umbea nitaupata kwa nani?"

Nikamwambia umbea anao wa kumtosha mpaka kiama, nikaondoka nikicheka.

Mchoma mkaa wetu anaishi ukingoni mwa msitu, mwendo wa nusu saa. Kazi yake ni ya subira. Anapanga magogo, anayafunika kwa nyasi na udongo mpaka panakuwa na kichuguu kikubwa, kisha moto unakula ndani kwa ndani siku kadhaa bila kupata hewa. Hilo ndilo tanuri. Udongo ukipasuka hewa inaingia na kazi yote inakuwa majivu, kwa hiyo lazima mtu apande juu upesi kuuziba ufa. Kipupwe cha mwaka uliotangulia mkewe alipanda kuziba. Udongo ukabomoka chini ya miguu yake.

Walimtoa. Walimzika. Lakini tangu siku ile mzee hakuligusa tena tanuri lile. Aliziba shimo, akajenga jingine hatua chache pembeni, la zamani likaota majani, mkaa wake ukiwa bado ndani.

Na alikuwa na sheria moja ambayo kijiji kizima kinaijua. Hakuna mtu wa kujichotea mwenyewe. Mkaa anautoa yeye, anauanika nje mchana na usiku, ndipo anauza. Mkaa lazima upumue kwanza, husema.

Nilipofika, kibanda kilikuwa kimefungwa. Nikaita. Kimya. Pale anapoanika mkaa palikuwa na vumbi jeusi tu, na tanuri jipya lilikuwa bado linafuka. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Nikasimama pale nikifikiria vidole vya yule mtoto, vilivyokuwa vya buluu asubuhi ile nilipombadilisha nepi.

Basi nikaliendea la zamani.

Nilijua. Nisijitetee. Nilijua ni lipi na kwa nini limeachwa. Nikajiambia mkaa ni mkaa, na kesho nitamweleza mzee, ataelewa. Udongo ulikuwa mwepesi, nikachimba kwa kipande cha bati. Nikaingiza mkono mpaka begani.

Ndani kulikuwa na joto.

Baada ya mwaka mzima… joto la mwili wa mtu aliyelala. Nikajiambia ni nyasi zinaoza. Mtu mwenye shida hakosi la kujiambia. Nikajaza gunia haraka haraka, nikajitwisha, nikageuza.

Njiani ukungu ulikuwa mzito hadi miguu yangu siioni. Nilikuwa nimefika kwenye daraja la magogo niliposikia hatua nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Nikienda, zinakuja. Kisha harufu ikanifikia, harufu ya nywele zilizoungua.

"Mama…"

Sikugeuka.

"Mama, unaupeleka wapi?"

Sauti ilikuwa kavu, ya chini, ya mtu asiye na mate mdomoni. Nilitembea sikumbuki vipi, gunia kichwani, nikisema moyoni jina la Mungu na la mama yangu kwa zamu. Nilipouona mwanga wa dirisha la Fundi niliufuata mpaka mlangoni pake.

Nikammwagia nusu ya mkaa kwenye karai lake. Hapo ndipo ningesema ukweli. Akaniuliza mbona natoka jasho na baridi yote hii, au mzee wa mkaa amenitongoza. Akauliza pia kama mkaa umeanikwa vizuri. Nikaona aibu kusema nimeiba mahali alipofia mtu, maana ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia mzee mwenyewe ndiye aliyenipimia. Akanishukuru.

Nyumbani niliweka vipande vichache kwenye jiko, nikawasha uani. Vikashika mara moja, bila moshi, bila hata ule mlio mdogo wa mkaa unaopasuka. Nikafurahi. Nikaliingiza jiko chumbani, nikafunga mlango, nikaziba nyufa za dirisha kwa matambara ili joto lisitoke. Mkwe wangu akaketi kitandani, mtoto kifuani. Baada ya muda nikamshika mtoto vidole, vilikuwa vya moto, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ng'ambo ya ua cherehani ya Fundi ilikuwa inakwenda.

Ilikuwa kama saa mbili mkwe wangu aliposema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni uchovu, alale. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia. Na mimi macho yalikuwa mazito.

Ndipo ile harufu ikaja tena. Nikadhani blanketi limegusa jiko. Nikalipapasa lote. Halikuungua.

Mlango ukagongwa.

Mara mbili, polepole. Mlango wa chumba chetu unatokea moja kwa moja uani, na chini yake una uwazi wa vidole vitatu. Nilikuwa nimesahau kuuziba. Nikauliza ni nani.

"Nina baridi."

Nikachukua taa, nikainama. Chini ya mlango niliona miguu. Vidole vyeusi, vimekauka, vina udongo katikati. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka na kibaraza chote kilikuwa kimelowa, lakini miguu ile ilikuwa mikavu.

"Nifungulie, mama. Nina baridi."

Nyuma yangu alikuwamo mtoto wa siku kumi na moja, na sikufikiria kitu kingine chochote. Amemfuata mtoto. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani. Nikaweka mdomo karibu na mbao, nikanong'ona.

"Hapa kuna mtoto mchanga. Nenda kwa jirani. Ana moto mkubwa kuliko wangu."



Miguu ikageuka. Ikaenda bila haraka.

Nikabaki nimepiga magoti, sikio mlangoni. Nikaisikia cherehani ikisimama. Nikasikia bawaba ya mlango wa Fundi, ile aliyokuwa akiniahidi kila siku kuitia mafuta. Kisha sauti yake, nene, ya huruma.

"Masikini, mbona uko hivi? Ingia, ingia uote moto."

Mlango ukafungwa.

Kutoka kwangu mpaka kwake ni hatua ishirini. Ningeita jina lake tu angenisikia. Sikuita. Niliogopa kwamba nikipiga kelele yule atakumbuka nilipo na kurudi. Nimelifikiria hili tangu wakati ule, mchana na usiku, na sijapata namna nzuri ya kulisema.

Nilipogeuka kumwambia mkwe wangu anyamaze, alikuwa amenyamaza tayari. Kichwa kilikuwa kimemwangukia begani. Nikamtikisa, hakuamka. Mtoto alikuwa amelegea, mdomo wazi, na sikusikia pumzi. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu nilimbeba, nikaupiga mlango teke, nikatoka naye nje kwenye baridi ile ile niliyokuwa nikimkinga nayo. Nilimpiga nyayo. Nilimpulizia mdomoni. Nilimwita kwa majina ambayo hata hatukuwa tumempa. Hatimaye akakohoa, akalia, kilio chembamba, na mimi nikalia naye.

Mkwe wangu nilimburuta kwa makwapa. Alitapika, akafumbua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Chumbani sikutaka kurudi. Tukaingia zizini, tukajibanza ubavuni mwa ng'ombe, mtoto katikati, na joto la yule mnyama ndilo lililotufikisha asubuhi. Kutoka pale nililiona dirisha la Fundi. Lilikuwa jekundu. Likabaki jekundu. Sikwenda.

Asubuhi mama mmoja alikwenda kuchukua koti la mwanawe, ndiye aliyemkuta. Nilifika nikiwa wa tano au wa sita. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mikono ameinyosha kwenye moto uliozimika, uso mtulivu. Upande wa pili wa jiko kulikuwa na kigoda kingine, kimevutwa karibu. Juu yake palikuwa na udongo.

Muuguzi alikuja, akatazama jiko, akatazama nyufa za madirisha zilizozibwa. Akasema ni hewa ya mkaa, tena mkaa ambao haukuiva, inaua bila rangi na bila harufu, na kila kipupwe anazika watu namna hiyo. Akaniambia na mimi nimeponea chupuchupu.

"Angetoa jiko nje," akasema. "Hilo tu."

Watu wakatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa, nikakubali kwa sauti kuliko wote. Hewa ya mkaa. Lakini yeye alisema haina harufu, na mimi harufu niliisikia mara mbili.

Mzee wa mkaa alirudi siku ya mazishi. Kumbe kifua kilikuwa kimembana, alikuwa amelazwa. Alikuwa ameshapita kwake na kuliona shimo nililochimba. Hakunigombeza. Alinivuta pembeni, mbali na watu, akauliza kwa sauti ya chini.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

Macho yangu yakaenda ng'ambo ya ua. Akatazama nyumba ya Fundi, mlango umefungwa kwa kamba, akaelewa. Akafuta macho kwa kofia yake.

"Hataki nyumba ya mtu," akasema. "Hataki mtoto wa mtu. Anafuata moto wake. Ungetoa jiko nje, mama. Hilo tu."

Sasa mwaka umezunguka. Mkwe wangu bado anasimulia kila anayekuja jinsi mama mkwe wake alivyomwokoa yeye na mtoto, na watu wananisifu, wanasema nina moyo wa simba. Nimeanza kumweleza mkwe wangu mara mbili, nikaishia kusema habari za ng'ombe. Atanitazama vipi akijua? Na nimjibu nini akiniuliza, kama ningerudishwa usiku ule, ningesema tofauti?

Kipupwe kimerudi. Tangu wiki iliyopita, jua likianza kupotea, nawasha jiko na kuliweka uani, mbali na mlango, kisha naingia na kujifungia. Mkwe wangu anacheka, anasema uzee umeanza kunichezea, nawaotesha moto vyura. Asubuhi nakuta majivu, na udongo pande mbili za jiko.

Leo nimechelewa. Ng'ombe alikuwa amekata kamba, nimemfukuza hadi mtoni, nimerudi jua limeshazama. Mkwe wangu alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, mtoto chumbani. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango kwa mazoea tu, nikaanza kutafuta kiberiti.

Mtoto siku hizi anasimama kwa kushika ukuta. Aliuacha ukuta, akatembea hatua mbili, zake za kwanza, akauegemea mlango. Akaupiga kwa kiganja. Akacheka, kicheko anachomchekea mtu anayemjua.

Kutoka nje, kiganja kikaupiga mlango. Polepole, chini kabisa, usawa wa mtoto.

Kisha sauti nene, ya huruma, ninayoijua kwa miaka ishirini.

"Mama Dereva… tuna baridi."

Nilimnyakua mtoto, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kitanda. Jiko liko uani, upande wao, halijawashwa. Kiberiti sikioni. Na ng'ambo ya ua nyumba ni giza, tupu.

Safari hii sina jirani.